Kinyongo cha Parishini na Dawa Yake

Ni nadra mtu kuliacha kanisa lake kwa sababu amehitilafiana nalo katika imani. Aghalabu huliacha kwa sababu alitoa salamu isiitikiwe, au jina lake lilirukwa siku ya kuwataja waliostahili shukrani, au kazi aliyoitumikia miaka mingi ilikabidhiwa mwingine pasipo yeye kuulizwa. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo huona haya kulisema, na kwa kuwa hakulisema hapana alijuaye, na kwa kuwa hapana alijuaye hapana ajaye kumtaka radhi, hata ikafika Jumapili moja mahali pake pakawa patupu, na waliobaki wakaulizana kama amehama mji au ameugua. Mwongozo huu unahusu majeraha ya namna hiyo, ambayo mtu mzima hathubutu kuyaita majeraha, ilhali yanamla.

Umeandikwa kwa ajili yako wewe usaliye katika parishi ya Kanisa la Episkopali la Marekani, ambalo limo katika Ushirika wa Kianglikana pamoja na makanisa ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Yamkini ulibatizwa Dodoma au Bujumbura, ukawekewa mikono na askofu Bukavu au Mombasa, kisha safari ya maisha, iwe ya hiari au ya kukimbia vita, ikakufikisha katika mji wa baridi ambako pembeni mwa barabara palisimama kibao cha kukutangazia kwamba Kanisa la Episkopali linakukaribisha. Ukaingia, ukaikuta ibada uijuayo katika lugha nyingine, ukajua lini upige magoti na lini usimame kabla hujayaelewa maneno yote. Ibada ilikuwa ile ile uliyoizoea. Watu walikuwa wengine, na ni baina ya watu ndiko yanakozaliwa mambo haya.

Yafaa kwanza uijue nyumba yenyewe ilivyo. Parishi nyingi za kanisa hilo ni ndogo, na Jumapili ya kawaida hazifikishi watu mia. Kasisi kiongozi, aitwaye rekta, husimamia ibada na uchungaji. Mali na hesabu huangaliwa na halmashauri iitwayo vestri, ambayo waumini huichagua katika mkutano wao wa mwaka, nayo huwa na viongozi wawili wa walei waitwao wadeni. Chama cha madhabahu hufua na kupiga pasi vitambaa vya meza takatifu na kung'arisha vikombe. Wapokezi husimama mlangoni. Na ibada ikiisha watu huenda ukumbini kunywa kahawa. Kazi ni nyingi na watu ni wachache, kwa hiyo wale wale hukutana kila mahali: aliyekupinga katika kikao cha vestri Jumanne ndiye utakayekaa naye katika mazoezi ya kwaya Alhamisi, na Jumapili, maadamu huko walei wenye idhini huruhusiwa kushika kikombe, huenda yeye ndiye atakayekiinamisha kinywani mwako. Kwa mtu aliyewekeana kinyongo na mwenziwe, hapana dakika iliyo ndefu kuliko hiyo.

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye asili ya Kivu, wa aina ambayo kila parishi yenye wageni wa kwetu inaye. Imetangazwa karamu ya pamoja, kila nyumba ilete chakula. Usiku kucha amechemsha sombe, ametia mawese na karanga za kusaga, na asubuhi ameifunga sufuria kwa kitenge ili isipoe, akaipakata garini mpaka kanisani. Mwanamke asimamiaye jikoni anaipokea kwa tabasamu, anaisogeza mwisho wa meza nyuma ya majagi ya maji, wala haiwekei kijiko cha kupakulia. Mstari wa watu unapita. Wanapakua viazi, kuku na saladi. Wakifika mwisho wa meza wanachukua maji na kwenda kuketi. Saa nane mama anaikuta sufuria yake imefungwa vile vile alivyoifunga, kitenge hakijaguswa hata fundo. Anaibeba, anarudi nayo nyumbani, na njiani hasemi neno.

Sasa sikiliza upande wa pili. Katika parishi nyingi za Marekani wamezoea kuweka karatasi ndogo mbele ya kila chakula, yenye kueleza kilichomo, kwa sababu wapo watu, hasa watoto, ambao wakila karanga kidogo tu miili yao huvimba, pumzi ikaziba, na wasipowahiwa kwa dawa huweza kufa. Msimamizi wa jiko alinusa karanga, hakuiona karatasi, akachelea. Alikuwa na meza kumi za kutazama na watu wawili wa kumsaidia, akaona salama ni kuiweka sufuria kando mpaka apate nafasi ya kuuliza; nafasi haikupatikana, na jioni alikwisha sahau. Hakumdharau mtu, na hata hivyo mtu ameumizwa, tena ameumizwa kweli; kwani yule mama hakuleta mboga tu, alileta heshima ya nyumba yake, na ndiyo iliyorudi imefungwa. Jihadhari usikosee hapa kwa pande mbili: kusema kwamba kwa kuwa hapakuwa na nia mbaya basi hapakuwa na jeraha, au kusema kwamba kwa kuwa lipo jeraha basi nia mbaya ilikuwapo.

Ukiwa wewe ndiye mama huyo, fanya hivi. Usiku huo huo, kabla hujalala, jiambie au uandike katika sentensi moja kile kilichotokea, na katika sentensi hiyo usitie hata neno moja lielezalo moyo wa mwenzio. "Chakula changu hakikufunguliwa" ni sentensi njema, maana uliliona jambo hilo kwa macho. "Alinidharau kwa sababu mimi ni mkimbizi" si njema bado. Huenda ni kweli, huenda si kweli, lakini hukuliona kwa macho, umelikisia. Zoezi hili laonekana kama jepesi nalo si jepesi hata kidogo, kwa sababu ghaidhi hupenda kutangulia kuhukumu na ushahidi ukafuata baadaye. Ukiweza kutenga uliloliona na ulilolidhania, umekwisha pata nusu ya maneno utakayomwambia mwenzio, na nusu ya usingizi wako.

Kisha usingoje. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiache jua lizame wakingali na hasira, na ijapokuwa si kila jambo laweza kumalizwa kabla ya magharibi, lafaa lisipite juma. Jeraha la jana huelezeka kwa dakika tano. Lililokaa miezi sita huja na ndugu zake, kila salamu fupi na kila mlango uliofungwa kwa haraka umekwisha ongezwa katika hesabu, na mshitakiwa, akiambiwa kadhia nzima kwa mpigo mmoja, hustaajabu na kujitetea, kwani hakumbuki hata siku yenyewe.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kupita yote katika mwongozo huu. Jeraha dogo baina ya watu wawili haliwezi kuiharibu parishi. Kinachoiharibu ni mtu wa tatu. Namaanisha yule unayemwendea kumsimulia, naye hana uwezo wa kulitengeneza, akakupa pole, akakasirika kwa ajili yako, kisha akaondoka na hasira hiyo kwenda nayo kwa wengine. Nanyi wawili mliokoseana mkipatana baadaye, yeye hatajua, ataendelea kumnunia mtu uliyekwisha msamehe. Dakta Murray Bowen, tabibu wa akili wa Marekani, alilieleza jambo hili katika uchunguzi wake juu ya familia: watu wawili wakiona taabu kutazamana humvuta wa tatu ili uzito uwapungukie, na rabi mmoja wa Kiyahudi, Edwin Friedman, mwanafunzi wa fikira hizo, alionyesha katika kitabu alichokitoa mwaka 1985 kwamba makanisa na masinagogi huenda kwa tabia zile zile za familia. Makasisi wengi wa Marekani wamekisoma. Lakini Injili ya Mathayo, katika mlango wa 18, ilikwisha weka utaratibu zamani sana: mwendee aliyekukosea, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia tena, ndipo kanisa liambiwe. Watu tunaupenda utaratibu huo lakini huufuata kinyumenyume, kanisa zima likaanza kuambiwa, na mwenyewe akawa wa mwisho kujua.

Katika nchi ile mtu wa tatu hukutwa mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye maegesho ya magari baada ya kikao, ambapo watu husema kwa sauti ya chini yale ambayo hawakuyasema ndani. Na kikao cha pili kifanyikacho nje gizani kimevunja vestri nyingi kuliko upungufu wa fedha. Pa pili ni katika barua pepe na jumbe za simu. Usimalize ugomvi kwa maandishi. Maandishi hayana uso wala sauti, msomaji huyatilia sauti ya hofu yake mwenyewe, nayo yakisha andikwa hupelekwa kwa wengine usiowajua. Tumia simu kupanga mahali na saa ya kuonana, basi.

Na ukiwa wewe ndiye uliyeendewa ukafanywa mtu wa tatu, wajibu wako ni mzito kuliko unavyodhani. Sikiliza, maana kumfukuza mwenye uchungu ni ukatili. Usimkatize, wala usimwambie kwamba ni jambo dogo. Akimaliza, muulize kwa upole, "Umekwisha mwambia mwenyewe?" Akisema bado, muulize kama angependa umsindikize. Akikubali, nenda naye. Akikataa, basi siri hiyo ikomee kwako, na siku akirudi na hadithi ile ile mrudishie swali lile lile. Usikubali kutumwa kwa kasisi useme kwamba watu wanalalamika bila kutaja ni nani. Hao "watu" wasio na majina wamewachosha makasisi wengi na hawakumponya hata mmoja. Yuko pia mtu wa tatu mwema. Paulo, akiwaandikia Wafilipi, aliwasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wapatane, akamwomba sahibu yake mmoja awasaidie. Hakueleza waligombana nini, wala hakusema nani mwenye haki. Alichokitaja ni kwamba wote wawili walikuwa wametaabika pamoja naye katika kazi ya Injili. Msuluhishi afanye vivyo hivyo: apunguze habari za ugomvi, azidishe kukumbusha wema walioshirikiana.

Maneno yenyewe ya kuonana yawe machache. Chagua mahali pa faragha lakini si pa kificho, kama vile mkahawani au kwenye benchi la bustani ya kanisa, wala si mlangoni kabla ya ibada, wakati mwenzio anakimbilia kuvaa joho la kwaya. Mama wa mfano wetu angeweza kusema, "Dada, nina neno dogo, nimeona ni bora nikuambie wewe kuliko kulibeba moyoni. Jumapili ile chakula nilicholeta hakikufunguliwa, nikarudi nacho nyumbani. Kiliniuma. Nataka kujua kulitokea nini." Hakuna shitaka hapo, wala hakuna kujidhalilisha; yamesemwa yaliyoonekana, yakasemwa yaliyoumiza, kisha likaulizwa swali ambalo mwulizaji yuko tayari kusikia jibu lake. Na msimamizi wa jiko, akiwa mtu wa insafu, angejibu, "Mama, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Niliogopa karanga, maana tuna mtoto ambaye zinamdhuru, kisha nikasahau kurudi kwako. Ningependa kukionja chakula hicho." Angalia kwamba radhi imetangulia na sababu imefuata. Mtu akianza na sababu, hata zikiwa za kweli, msikiaji huhesabu kwamba anajitetea. Wala usiombe radhi kwa kusema "kama nimekukosea". Neno hilo "kama" linamrudishia aliyeumia mzigo wa kuthibitisha kwamba ameumia.

Radhi ikisha pokelewa, litengenezwe jambo lenyewe. Karamu ijayo iwepo karatasi mbele ya sombe, imeandikwa majani ya muhogo, mawese na karanga, na kijiko kirefu kiwe ndani ya sufuria tangu mwanzo. Nimeona mapatano mengi yakififia kwa kukosa kijiko hicho.

Yako majeraha mengine yatokanayo na kugongana kwa adabu mbili, na haya yataka elimu kuliko msamaha. Utamsikia mtoto wa miaka kumi akimwita bibi wa miaka sabini kwa jina lake tupu, na waumini wakimwita hivyo hivyo kasisi wao, pengine askofu pia. Kwao huo ni ukunjufu, na aitwaye hafikirii kwamba amevunjiwa heshima. Utaulizwa hujambo na mtu anayepita bila kusimama kusikia jibu. Utakaa nyumbani mgonjwa siku nne pasipo mtu kubisha hodi, si kwa sababu hawakupendi, bali kwa sababu kwao kwenda kwa mtu bila kualikwa ni utovu wa adabu, nao wanangoja useme. Sema. Waambie ungependa kuitwa Mama fulani au Mzee fulani, nao wengi watafurahi kujua. Waambie kwamba kwenu mgonjwa hutembelewa, na karibu yako haina siku. Nasi pia tunawaumiza. Tukisimama ukumbini watu sita tukazungumza Kiswahili na kucheka kwa sauti, na katikati yetu amesimama mwenyeji ameshika kikombe chake hajui kinachochekwa, tumemtenga katika nyumba yake. Tukikubali zamu ya kupokea watu mlangoni kisha tukafika baada ya wimbo wa kwanza, aliyesimama peke yake mlangoni kwa nusu saa hatayasahau upesi.

Yapo mambo mema tuliyokwenda nayo, na mojawapo linahitaji hekima katika matumizi yake. Wengi wetu tulilelewa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, nao ukawafunza Wakristo kusimama mbele ya ndugu na kuungama waziwazi, kwa kutaja dhambi kwa jina na kumwendea aliyekosewa. Watu walirudisha vitu walivyoiba na mume akamwomba mkewe radhi mbele ya watu. Sina shaka kwamba roho ya Mungu ilikuwa kazini. Katika parishi ya Episkopali ungamo husemwa na wote kwa pamoja, kwa maneno yaliyoandikwa, na hapana atajaye jambo lake. Aliyezoea Uamsho huliona hilo kuwa baridi na maficho. Aliyezoea Episkopali, akimsikia mtu akisimama na kueleza mambo yake ya ndani, hutahayari asijue atazame wapi. Kila njia ina hatari yake. Ungamo la pamoja huweza kumpa mtu nafasi ya kupita miaka ishirini asitaje kosa hata moja la kwake, na ungamo la hadharani huweza kugeuka shitaka: ukisimama ukumbini ukasema umemsamehe ndugu fulani kwa jinsi alivyokudharau, umemhukumu mbele ya watu kabla hajapata kujitetea. Kwa hiyo shika moyo wa Uamsho, yaani kulitaja kosa na kumwendea mtu, lakini ulitaje kosa lako, na umwendee kwanza faraghani.

Tena usidhani kwamba kanisa lile halina dawa yake. Chukua Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 kilichomo katika kila kiti. Kurasa zake ni zile zile katika kila chapa, kwa hiyo utaziona nitakazozitaja bila taabu. Ukurasa wa 316 una maonyo ya kujiandaa kwa Ushirika Mtakatifu, yenye kumtaka mtu achunguze maisha yake, alipe alilodhulumu na awe tayari kusamehe. Husomwa kwa nadra siku hizi, na ni hasara. Katika mpango wa kawaida wa ibada, amani hupeanwa baada ya ungamo na kabla ya sadaka kupelekwa madhabahuni. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo: ndipo Bwana alipompeleka mtu aliyekumbuka mbele ya madhabahu kwamba nduguye ana neno juu yake, akamwambia aiache sadaka, akapatane kwanza. Basi usiifanye dakika hiyo kuwa ya kuulizana habari za mpira. Vuka njia ya kati uende kwa yule usiyepatana naye, umpe mkono, umtazame. Kama hapendi kushikwa, muinamie kichwa. Hilo halimalizi kadhia, wala lisitumiwe kuikwepa, lakini baada yake ni vigumu zaidi kwa ninyi wawili kujifanya hamkuonana.

Katika ukurasa wa 409 iko kanuni ambayo waumini wengi hawajapata kuisoma, nayo imetoka katika vitabu vya sala vya zamani vya Uingereza. Kasisi akiona kwamba baina ya waumini iko chuki, yampasa azungumze na kila mmoja kwa siri na kuwaambia kwamba hawawezi kushiriki mpaka wasameheane. Na kama mmoja anasamehe kwa kweli na kutaka kuyatengeneza makosa yake, na mwingine akakataa, basi aliye tayari apokewe mezani na mkaidi azuiliwe. Kisha kasisi lazima amwarifu askofu, kwa muda usiozidi siku 14, na kumweleza sababu. Ni nadra kanuni hii kutumika, na sisemi itumike kila watu wanaponuniana. Ila ndani yake mna busara kubwa kwa yule aliyekwisha omba radhi akafungiwa mlango: kanisa halikumfunga pamoja na mwenziwe. Kusamehe kwahitaji mmoja, kupatana kwahitaji wawili, na hutaulizwa juu ya sehemu isiyo yako. Endelea kumsalimu, usimsimulie mtu, usiviache vyeo na kazi zako kwa ajili yake. Na ikiwa mwishowe umeona huna budi kuhamia parishi nyingine, nenda kwa kasisi umwambie ukweli, uombe barua ya uhamisho, uage, usiondoke kimya.

Ukurasa wa 447 unaanza ibada ya upatanisho wa mwenye kutubu, na maelezo yake yako katika ukurasa uliotangulia. Wengi hudhani kuungama kwa kasisi ni jambo la Wakatoliki wa Roma peke yao, na kumbe limo humo, halilazimishwi, na yeyote anayelihitaji anaweza kuliomba, wakati wowote na mahali popote panapofaa. Siri yake ni kamili, kasisi hana ruhusa kuifichua. Hata shemasi au mlei anaweza kuombwa asikilize maungamo, ila yeye hatamki maneno ya kufungua dhambi, hutangaza msamaha wa Mungu tu. Kama umemchukia mtu hata sala zako zimekauka, na umejaribu peke yako usifaulu, hapo ndipo pa kwenda, hasa katika Kwaresima.

Lakini nakuonya jambo moja, nami nalisema kwa mkazo. Maneno yote haya ni ya majeraha madogo. Mtu asiyatumie kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Mwishoni mwa karne ya 18, huko Philadelphia, Absalom Jones na Richard Allen walikuwa miongoni mwa waumini weusi walioondoka katika kanisa moja la Kimethodisti kwa sababu Jones alivutwa ainuke alipokuwa amepiga magoti katika sala, aende walikotengewa watu wa rangi yake. Kuondoka kwao hakukuwa kinyongo. Mwaka 1794 kanisa la Jones, la Mtakatifu Thomas, likapokewa katika Kanisa la Episkopali, naye akawekwa kuwa shemasi mwaka 1795, na hata leo kanisa hilo humkumbuka kila tarehe 13 Februari. Ukibaguliwa kwa rangi, ukipigwa, ukiguswa vibaya wewe au mtoto wako, fedha za kanisa zikiibiwa, usiende peke yako kwa mkosaji kumwuliza kulitokea nini. Yaliyo jinai yapelekwe polisi. Na mkosaji akiwa kasisi au shemasi, kila dayosisi ina afisa, na akiwa askofu kanisa zima lina afisa, aliyewekwa na kanuni za kanisa ili kupokea malalamiko ya namna hiyo, na mtu yeyote, awe muumini au asiwe, ana haki ya kumwendea.

Tukiyatenga hayo makubwa, yanabaki yale ya kila siku, ambayo ndiyo mengi. Wapo watakaokuambia kwamba mtu aliyepita vita vya Kivu au kambi za wakimbizi hawezi kuumizwa na sufuria isiyofunguliwa. Wamekosea. Aliyepoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake, akapata mahali pamoja tu ambapo anajulikana kwa jina, hana pengine pa kukimbilia pakimwuma hapo. Ndiyo sababu nakusihi usidharau jambo hata likiwa dogo, liwe lako au la mwenzio.

Kama tangu ulipoanza kusoma liko jina la mtu mmoja lililokujia akilini, mpigie simu kabla ya Jumapili, umwombe mwonane. Hayo mengine yawekeni mpaka mtakapokuwa mmeketi uso kwa uso.